Mali Bila Daftari: Wimbi la Nyanya na Alama za Jeni

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani nilidhani methali hii ni ya wenye maduka hapa mjini Eldoret, wale wanaoandika madeni ya sukari na sabuni katika vitabu vyao. Leo ninaiandikia makala kwa sababu ya kibuyu kimoja cha wimbi ambacho mimi mwenyewe nilikaribia kukimaliza kwa ujinga wangu.

KOSA LANGU

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na ninaishi na wazazi wangu mtaani Langas. Likizo zikifika hutumwa kwa nyanya, ambaye sisi humwita kogo. Anaishi upande wa Keiyo, chini ya Tambach, mahali ambapo barabara ya kutoka Iten huteremka kuelekea bonde la Kerio.

Likizo moja ya Desemba, nilipokuwa kidato cha kwanza, nyanya alienda kumtazama dadake mgonjwa akaniachia nyumba. Siku ya pili unga wa uji uliisha. Nikaangaza macho huku na huku, na hamadi! Juu ya meko, kwenye moshi, kulikuwa na kibuyu kimening'inizwa. Nilipokitikisa nikasikia wimbi likicheza ndani. Sikuuliza mtu. Nilimimina wimbi lile kwenye mfuko, nikalichanganya na mahindi, nikapeleka kwenye mashine ya posho. Kusema kweli uji ulikuwa mtamu.

Nyanya aliporudi alitazama juu kabla hata hajaketi.

"Kibuyu cha hapa kiko wapi?"

"Nilisaga, kogo. Unga ulikuwa umeisha."

Hakunigombeza. Aliketi juu ya kigoda chake akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Umetusagia mbegu." Wimbi lile alipewa na mamake siku alipoolewa, naye alikuwa akilipanda na kuliweka kila mwaka tangu hapo. Kwa Kikeiyo lina jina lake, lakini hapa nitaliita wimbi la ngumi, kwa maana vidole vya suke lake hujikunja kama ngumi. Tulipokipasua kibuyu tulipata punje zilizokwama chini, zikajaa kiganja kimoja tu.

Baba alitaka kunisaidia kurekebisha kosa. Alinunua kilo mbili sokoni kutoka kwa mama mmoja aliyeapa kwamba hilo ndilo wimbi la ngumi. Mvua za masika zilipoanza tukapanda mistari ya lile la sokoni, na kando yake kamstari kadogo ka zile punje za kiganja. Wakati wa kuchanua maua nyanya alipita shambani, akashika bua, akalifunua jani, akatazama suke. Akasema, "Jina ni lake, lakini si lenyewe."

Baba alicheka akasema mama anamkumbuka tu mamake. Mimi nikabaki katikati. Suke zote mbili zilikuwa zimejikunja na punje zote nyekundu. Je, ni nani aliyesema kweli? Swali hili ndilo lililonifanya nimsumbue mwalimu wetu wa Bayolojia muhula mzima, na majibu niliyoyapata ndiyo haya ninayokuletea, ndugu msomaji.

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Tuanze na jambo tunalolijua. Darasani mwetu kuna Kiprotich watatu. Mwalimu akiita "Kiprotich!" wanasimama watatu, au hasimami hata mmoja iwapo ni mambo ya adhabu. Kwa hiyo mwalimu hutumia nambari ya usajili, ambayo ni ya mtu mmoja tu.

Mbegu nazo zina shida hiyo hiyo. Mbegu moja inaweza kuwa na majina matatu katika vijiji vitatu, na jina moja linaweza kubebwa na mbegu tatu tofauti. Haya si maneno ya kubahatisha. Mnamo mwaka wa 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wao kuhusu mtama wa mashariki mwa Mlima Kenya, mahali Wachuka, Wambeere na Watharaka wanapopakana. Walizunguka katika nyumba 130 wakachukua mbegu zenye majina 16, kisha wakapima mimea 297 kwa kutumia alama 18 za jeni. Waligundua kwamba kulikuwa na mtama wa kisasa ulioletwa karibuni, nao mara nyingi wakulima waliupa majina ya mtama wa kienyeji. Mgeni aliingia kijijini akavaa jina la mwenyeji! Mtama mwingine wa kisasa, uliokuwa umeletwa miaka kama 12 hivi kabla, ulionyesha dalili za kuchanganyika na ule wa kienyeji.

Niliposikia hayo nilikumbuka kilo mbili za baba. Mama yule wa sokoni huenda hakudanganya. Huenda yeye pia aliuziwa jina tu.

ALAMA YA JENI NI NINI?

Kila chembe hai ya mmea ina DNA, ambayo ni kama kitabu kirefu mno kilichoandikwa kwa herufi nne tu, yaani A, T, G na C. Kitabu hiki kimegawanywa katika kromosomu. Wimbi lina kromosomu 36. Mimea miwili ya wimbi ina vitabu vinavyofanana karibu kila ukurasa, ndiyo maana yote ni wimbi. Lakini kuna mahali ambapo hutofautiana kidogo, na mahali hapo tukipajua panaitwa alama ya jeni.

Aina moja ya alama ni rahisi kueleweka. Katika sehemu fulani za DNA herufi hujirudia kama mtu mwenye kigugumizi: GA GA GA GA. Aina moja ya wimbi inaweza kurudia mara 8, nyingine mara 11, nyingine mara 15. Kigugumizi hiki hurithiwa kutoka kwa mzazi. Ukihesabu mahali pamoja tu unaweza kukosea, kwa kuwa mbegu mbili zinaweza kulingana hapo kwa bahati. Lakini ukihesabu mahali 20 au 40, inakuwa vigumu sana mbegu mbili zisizo za ukoo mmoja kulingana kote. Hapo umepata nambari ya usajili ya mbegu.

Katika maabara kazi huenda hivi:

1. Jani changa husagwa na dawa hutumiwa kutenganisha DNA na vitu vingine vya chembe.

2. DNA huwekwa katika mashine inayonakili ile sehemu moja inayotakiwa. Kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili. Moja huwa 2, mbili huwa 4, nne huwa 8. Chukua kalkuleta yako uhesabu: baada ya mizunguko 30 nakala moja huwa zaidi ya bilioni 1.

3. Nakala hizo huwekwa kwenye kitu laini kama uji ulioganda, kisha umeme hupitishwa. DNA ina chaji hasi, hivyo hukimbilia upande wa chaji chanya. Vipande vifupi hukimbia mbio na virefu hubaki nyuma, kama vile wakimbiaji wetu wa Iten na mimi tukipanda mlima pamoja.

4. Mahali kila kipande kilipofika huonekana kama mstari. Mistari ya mbegu mbili hulinganishwa. Ikilingana katika alama zote, kuna sababu nzuri ya kusema kwamba ni mbegu moja au ndugu wa karibu sana. Ikitofautiana katika alama nyingi, si mbegu moja hata kama jina ni moja.

Hapa wacha niondoe wasiwasi. Nilipoeleza jambo hili kwenye chama chetu, mwenzangu mmoja alipinga akisema, "Hizo si ndizo zile za kubadilisha mimea?" La hasha! Kupima alama ni kusoma tu kilichoandikwa. Hakuna herufi inayoongezwa wala kufutwa. Mtu akisoma barua yako hajaiandika upya.

WIMBI LIMEKWISHA KUSOMWA

Usidhani wimbi ni chakula cha wazee ambacho sayansi imekisahau. Mathews Dida wa Chuo Kikuu cha Maseno na Katrien Devos wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, pamoja na wenzao, walitoa ramani ya kwanza ya jeni za wimbi mwaka wa 2007. Mwaka uliofuata walichapisha matokeo ya kupima wimbi la shambani aina 79 kutoka nchi 11 za Afrika na 5 za Asia, pamoja na wimbi pori 14 la Kenya na Uganda, wakitumia alama 45. Mbegu zile zilijigawa zenyewe katika makundi matatu: wimbi pori, wimbi la shambani la Afrika na wimbi la shambani la Asia. Matokeo yaliafiki kwamba wimbi lilianza kulimwa hapa Afrika kisha likasafiri hadi Asia. Kwa hiyo Mhindi anayekula wimbi kwake anakula chakula ambacho mababu wa Waafrika walikitoa porini.

Mwaka wa 2023 watafiti, wakiwemo wa hapa Kenya, walichapisha DNA ya wimbi liitwalo KNE 796 ikiwa imepangwa kromosomu kwa kromosomu. Katika kazi hiyo walitafuta pia jeni inayofanya stigma ya ua la wimbi iwe na rangi ya zambarau. Niliposoma hapo niliruka, kwani nyanya alipolishika wimbi la sokoni alikuwa ameniambia, "Letu likichanua huwa na zambarau. Hili halina."

DAFTARI HULINDAJE MBEGU?

Mtu anaweza kuuliza: kuijua mbegu ni vizuri, lakini kuijua kunailindaje? Nitajibu kwa kisa kilichotokea mbali. Mwaka wa 1994 Mmarekani mmoja, Larry Proctor, alinunua mfuko wa maharagwe ya manjano huko Meksiko. Aliyapanda kwao na kuyachagua, akayaita Enola, na mwaka wa 1999 akapewa hataza ya kuyamiliki. Kisha akaanza kuwadai walioingiza maharagwe ya manjano Marekani walipe senti 6 kwa kila ratili. Wakulima wa Meksiko, ambao walikuwa wamelima maharagwe ya manjano miaka mingi, wakajikuta wanaambiwa ni mali ya mtu mwingine.

Lakini kulikuwa na daftari. Kituo cha CIAT kilichoko Kolombia kilikuwa na maharagwe ya manjano ya zamani katika benki yake ya mbegu, nacho kikapinga hataza hiyo kuanzia mwaka wa 2000. Mwaka wa 2004 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walitoa matokeo ya DNA: alama za Enola zililingana kabisa na za maharagwe ya manjano yaliyokuwa yakilimwa Meksiko. Mwaka wa 2008 ofisi ya hataza ya Marekani ilikataa madai yake, na mwaka wa 2009 mahakama ikakubaliana nayo. Kama mbegu zile zisingewekwa, wangelinganisha Enola na nini?

Tukirudi kwetu, Katiba ya Kenya ya 2010 katika kifungu cha 11 inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na aina za mimea, sifa zake za kijeni, na jinsi jamii za Kenya zinavyozitumia. Soma tena maneno hayo: sifa za kijeni. Sifa hizo zitalindwaje kama hazijaandikwa popote?

Kwa miaka mingi sheria ya mbegu iliyorekebishwa mwaka wa 2012 ilimweka mkulima katika hatari. Kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kungeweza kumletea kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi 1,000,000. Wakulima wadogo walienda kortini mwaka wa 2022, na mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba vifungu hivyo vilikwenda kinyume na Katiba. Nyanya nilipomweleza alishangaa, si kwa kushinda, bali kwa kusikia kwamba kumpa jirani kibaba cha mbegu kuliwahi kuwa kesi.

Tena tunayo benki yetu wenyewe. Benki ya Taifa ya Mbegu ilianzishwa Muguga, karibu na Nairobi, mwaka wa 1988, na leo iko chini ya shirika la KALRO. Ina makumi ya maelfu ya sampuli zilizokaushwa na kuwekwa kwenye baridi kali ili zidumu miaka mingi. Alama za jeni huisaidia benki kama hiyo kujua kama sampuli mbili ni moja yenye majina mawili, au kama ile ya zamani imechanganyika wakati wa kupandwa upya.

MASHINE NAYO HAITOSHI

Nilipofika hapa nilikuwa tayari kuandika kwamba sasa mashine itatujibu kila kitu. Mwalimu akaniambia, "Rudi usome ule uchunguzi wa mtama mpaka mwisho." Nikarudi. Kumbe kulikuwa na jambo jingine. Katika zile alama 18 za jeni, mitama ya kienyeji inayokomaa upesi haikutenganishwa vizuri, ingawa kwa kuitazama ilikuwa tofauti waziwazi. Mkulima aliona tofauti ambayo alama hazikuiona.

Si ajabu ukifikiria. Alama 18 ni kurasa 18 tu za kitabu kirefu. Mkulima yeye hutazama mmea mzima: lini unakomaa, ndege wanaupenda au hawaupendi, jua likikaza unafanya nini, uji wake una ladha gani. Tena nambari haina hadithi. Nambari ya usajili ya Kiprotich haitakuambia kwamba alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani jioni, ilhali jina lake linasema.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, daftari la mbegu linahitaji kurasa mbili. Ukurasa mmoja huandikwa maabarani, na huo unaweza kungoja. Maadamu mbegu ni hai, jani lake litapimwa mwaka huu au baada ya miaka kumi. Ukurasa wa pili uko vichwani mwa nyanya na babu zetu, na huo haungoji. Mbegu ikifika Muguga bila maelezo itakuwa kama mtoto aliyeokotwa stendi: yu hai, ana afya, lakini kwao hakujulikani.

TULIFANYA NINI

Ule mstari wa kiganja ulitupa wimbi la kujaza kibuyu nusu. Nyanya alilivuna mwenyewe kwa kisu, suke baada ya suke, na lile la sokoni tukalila. Mbegu sasa ziko mahali pawili: kibuyu kipya juu ya meko, na chupa kavu iliyofungwa vizuri hapa kwetu Langas. Jirani naye alipewa kibaba, maana mayai yote hayawekwi kapu moja. Mwalimu ameahidi kutusaidia kuwaandikia watu wa Muguga.

Mimi nilinunua daftari la kurasa 96. Nyanya alisema nikaandika: nani alimpa, hupandwa lini, bua lake likoje, maua rangi gani, hukomaa baada ya lini, linafaa kwa uji au kwa kimyet, lilistahimilije miaka ya njaa. Tulipofika ukurasa wa nne alinyamaza kidogo akaniuliza, "Na hapo utaandika ni nani aliyelisaga?"

Nimeandika.

Wanachama wenzangu, likizo inakuja. Kila mmoja wetu ana nyanya, babu au jirani mwenye mbegu fulani: wimbi, mtama, maharagwe, malenge, saga au managu. Nenda na daftari. Uliza kabla ya kusaga.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini alama moja ya jeni haitoshi kuthibitisha kwamba mbegu mbili ni moja?

2. Nakala moja ya DNA itakuwa nakala ngapi baada ya mizunguko 10 ya kunakili?

3. Eleza tofauti kati ya kupima alama za jeni na kubadilisha jeni.

4. Mbegu zilizowekwa benki zilisaidiaje katika kesi ya maharagwe ya Enola?

5. Taja mambo matano ambayo mkulima anajua kuhusu mbegu yake na ambayo alama za jeni haziwezi kukuambia.

6. Tumia methali "Mali bila daftari hupotea bila habari" katika kisa kifupi kuhusu jambo lililotokea nyumbani kwenu.